Mzimu Nilioununulia Kitambaa

Mie ni mtu wa kujua. Bora niliseme mwenyewe, maana nisipolisema wapo watu pale Kimara watakaolisema kwa furaha zaidi. Nilisoma kwa masista kule Mahenge mpaka darasa la nne, miaka ambayo mtoto wa kike aliyeweza kugawanya kwa njia ndefu alitazamwa kama mbuzi mwenye vichwa viwili, na tangu hapo sijapata kusikia jambo ambalo sikuwa na la kuliongezea. Mume wangu Albano ni mwalimu wa dini. Yeye husema kidogo, tena kwa upole, kwa hiyo nyumba yetu ilihitaji mtu wa kusema yaliyobaki.

Misheni ilituleta Kimara mwaka wa thelathini na nane tukafungue kigango. Kimara ile ilikuwa mlima wa mihogo na mikorosho, na Wazaramo waliokuwa wakiishi vizuri tu bila sie. Barabara ya Morogoro ilikuwepo, lakini ilikuwa barabara yenye adabu. Ilikuwa nyembamba, kiangazi vumbi, masika tope, na ikikuta mti wa mtu au kaburi la mtu ilipinda ikapita pembeni. Lori likija tulitoka nje kulitazama mpaka linapotelea. Wakristo tulikuwa nyumba sita, na katika hizo moja ilikuwa ya Kikristo siku ya Krismasi tu.

Shida ya pale ilikuwa maji. Wanawake waliteremka bondeni kwenye kijito, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na ikifika mwezi wa kumi kijito chenyewe kilikuwa tope la kugombea na ng'ombe. Mwaka wetu wa kwanza nililalamika kila siku, asubuhi na jioni, kama sala.  Albano alichukua sururu akaanza kuchimba chini ya nyumba yetu, hatua kama sitini kwenye mteremko, karibu na mkuyu mmoja uliosimama ukingoni mwa korongo. Kiangazi cha kwanza alipata vumbi, cha pili jiwe, cha tatu maji. Mie nilikuwa juu navuta ndoo ya udongo kwa kamba na kumwelekeza, ingawa sikuwa nimepata kuona kisima kikichimbwa maishani mwangu. Alikijengea kwa mawe kuanzia chini mpaka juu, jiwe moja moja, na maji yake yalikuwa matamu kiasi kwamba watu walidhani tumeyatia kitu.

Basi kijiji kizima kikawa kinateka kwetu, Waislamu na sie. Albano alisema maji ni ya Mungu. Mie nikasema ni ya Mungu, lakini foleni ni yangu. Niliweka sheria: hakuna kufua pale, hakuna kunawa miguu, na mwenye ndoo mbili asubiri wenye mtungi mmoja wamalize. Nilizitangaza kila asubuhi mikono kiunoni. Watu walinisalimia kwa heshima sana miaka ile, na mie nikadhani ni kwa ajili ya darasa la nne.

Mwaka wa hamsini wakaja wapimaji. Alikuwa Mzungu kijana, pua imembabuka kwa jua, na karani wake, na chombo cha miguu mitatu walichokichungulia kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha Morogoro. Nyuma yao walipigilia vigingi vilivyopakwa chokaa. Kimoja kilipigiliwa hatua mbili kutoka kisimani. Niliteremka nikamuuliza karani kigingi kile kinafanya nini mahali pale. Akasema kile ndicho katikati ya barabara. Nikamuuliza barabara gani, maana barabara ilikuwa kule juu, nyuma ya nyumba yetu. Akasema ile ya kale inaachwa, hii mpya itakwenda moja kwa moja, pana, yenye mitaro huku na huku, na itatiwa lami. Nikamuuliza na kisima je. Akamtafsiria Mzungu, Mzungu akakitazama kisima, akasema maneno mawili. Karani akanipa jibu: kitajazwa mawe.

Albano alisema tuandike barua. Niliiandika mie kwa sababu ya mwandiko. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, la kushukuru kwa barua. Tukaenda kwa Jumbe Mwinyipembe, mzee mnene aliyependa amani kuliko kitu chochote. Jumbe akasema orodha ya fidia anayo, imeandikwa minazi, mikorosho na mihogo. Kisima hakimo, kwa sababu kisima hakizai. Nilimwambia kwamba kwa hesabu hiyo yeye na mume wangu wangerukwa pia. Albano alinishika mkono akaniondoa.

Kazi ya kufyeka njia alikuwa ameichukua Bwana Najmuddin, Mhindi wa Ubungo mwenye duka na malori mawili, mtu mfupi wa ndevu nadhifu na kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Vibarua wake walikuwa wakipanda mlima kuja kwetu, na habari zao ziliwatangulia kisimani. Asubuhi moja wanawake wakasimulia kwamba kule chini wamekuta mkwaju uliofungwa vitambaa vya mzimu, vibarua wakatupa mapanga chini wote. Nyapara aliwatukana, hawakusogea. Siku nne zikapotea, mwisho Mzungu akachoka akasogeza vigingi, mkwaju ukabaki.

Niliwacheka sana wale wanawake. Niliwapa na hotuba juu ya ujinga wa kuogopa kitambaa, hotuba nzuri, yenye sehemu tatu. Nikajitwisha ndoo nikaanza kupanda. Nilipofika nusu ya mteremko nikageuka nikautazama ule mkuyu wetu, nikaona hauna nguo.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa miguu mpaka dukani Ubungo. Aliyeuza alikuwa Rubabbai, mke wa Bwana Najmuddin, mama mwenye macho makali yasiyopitwa na mkono wa mteja. Nikataka nguo nyekundu yadi moja, nyeupe yadi moja, na kaniki nyeusi yadi moja. Akaniuliza ni za nini. Nikasema mapambo ya kanisa. Akaniuliza kanisa gani linatundika kaniki. Nikasema ni ya Ijumaa Kuu. Mwezi ulikuwa wa saba. Alipima, akatia alama ya chaki, akakata, akanitazama mpaka nikatoka mlangoni.

Jumatano Albano alipokuwa akifundisha katekisimu, niliteremka na kapu langu. Niliyafahamu mambo ya mzimu kama mtu anavyofahamu upishi wa jirani, kwa harufu tu. Nilichana vitambaa nikavifunga kwenye matawi. Nikaweka chini chungu kilichopasuka mdomo, unga kiganja kimoja, na yai la kuku wangu mzuri, ambalo bado linaniuma. Ubani sikuwa nao, kwa hiyo nilichukua ule wa kanisani kabatini. Moshi ulipopanda nilitazama kazi yangu, nikaridhika, nikapiga ishara ya msalaba kwa mazoea, kisha nikakumbuka nilipo nikaangalia kama kuna aliyeniona.

Hazikupita wiki mbili vibarua wakafika. Wa kwanza aliona kitambaa, akarudi kinyumenyume. Dakika tano baadaye mapanga yote yalikuwa chini na watu wamekaa mbali wanavuta tumbaku. Mie nilikuwa barazani nachambua mchele usio na mawe.

Bwana Najmuddin alikuja kesho yake. Aliteremka mwenyewe mpaka kwenye mkuyu, akauzunguka, akashika kitambaa chekundu kwa vidole viwili akakisugua, jinsi wauza nguo wanavyofanya hata wakiwa msibani. Kisha akapanda kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji. Nilimpa.

"Maji matamu, Mama Mwalimu," akasema.

"Ya kisima chetu hicho."

"Na mzimu wenu hodari. Umenunua kitambaa chekundu cha bendera yadi moja kwa mke wangu. Chaki yake bado ipo kwenye ukingo."

Nikamwambia mizimu ya siku hizi haijui kufuma, lazima inunue dukani kama watu wengine. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Halafu akaacha kucheka.

"Sikia, mama. Vibarua hawa nawalipa wamekaa. Waambie wewe mwenyewe kwamba ni mchezo. Na mie nitasema na Mzungu habari ya kisima."

"Unaahidi kisima kitabaki?"

"Siwezi kuahidi kitu cha Mzungu."

"Basi na mie siwezi kusema kitu cha mzimu."

Akazungusha kikombe mkononi. "Haya. Mzungu atasogeza mstari. Umefikiri atausogeza wapi?"

Nikamwambia hilo ni la Mzungu, yeye ndiye mwenye chombo cha miguu mitatu. Bwana Najmuddin akatazama korongo lililokuwa upande wa pili wa mkuyu, refu, limekwenda chini mpaka giza. Akageuza shingo akatazama ukuta wa nyumba yangu, kisha paa, kisha mie. Akaweka kikombe chini, akanishukuru kwa maji, akaenda zake. Nilidhani anatafuta lori lake liliposimama.

Msomaji ameshaelewa. Mie nilielewa baada ya siku nane, nilipotoka kanisani nikakuta kigingi kimepigiliwa jikoni kwangu, katikati ya mafiga, na karani amesimama pembeni akiniomba radhi kwa kumwaga uji. Barabara ilikuwa imesogezwa. Upande wa korongo isingeweza kwenda, kwani barabara haining'inii hewani, kwa hiyo ilikuja upande wa mlima. Upande wa mlima kulikuwa na kitu kimoja tu. Nilijua kugawanya kwa njia ndefu, lakini kutoa hatua sitini kutoka kwenye mteremko hakukunijia akilini.

Nilikimbia. Nina mwili, na si mtu wa kukimbia, lakini siku ile nilikimbia mpaka kwa Bi Mwanamtoro, mwanamke mwenye umri kuliko wote pale kijijini, ambaye ukoo wake ndio wenyeji wa mlima ule. Nilimkuta uani anasuka ukili. Jumbe alikuwepo, wanawake wa jirani walikuwepo, na vibarua kadhaa walikuwa wamekuja kuomba moto wa tumbaku. Nikafurahi, nikaona hawa wanatosha, wakisikia hawa barabara itarudi mahali pake.

Nikatoa shikamoo, nikasema yote. Duka la Ubungo, yadi tatu, chungu, yai. Hata ubani nilisema. Nilisema hakuna mzimu pale wala hapajapata kuwa na mzimu, ni mie Demetria, mke wa mwalimu wa dini, niliyewadanganya kwa ajili ya kisima, naomba mnisamehe, na mkakate ule mti hata leo.

Ndiyo. Nilisema mti ukatwe na kisima kijazwe. Nyumba ilikuwa imeshanichomoa kisima moyoni bila mie kujua, na nilijisikia nikilisema.

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamtoro aliweka ukili wake magotini.

"Mama Mwalimu, nani alikuonyesha ule mti?"

"Hakuna, bibi. Ni mti ulio karibu na kisima."

"Pale pana miti mitatu. Pana mwembe, pana mkwamba, pana mkuyu. Ukachagua mkuyu."

"Una matawi ya chini. Nilifikia bila ngazi."

"Babu yangu alitambika pale kabla Mdachi hajaja," akasema. "Sie ndio tulioacha. Wazee walikufa, mvua zikapita, tukasahau. Wewe mgeni, tena Mkristo, umeamka asubuhi ukaenda kwa miguu mpaka Ubungo kuununulia nguo. Unadhani ile ni akili yako?"

Nikasema ndiyo, ilikuwa akili yangu.

"Akili yako ingeiona nyumba yako."

Hapo ndipo wanawake walipocheka, na mmoja wa vibarua akacheka mpaka akakohoa.   

Nilipogeuka nikamwona Albano amesimama mlangoni mwa ua, katekisimu mkononi. Sikujua amefika saa ngapi. Tulirudi nyumbani. Barazani akaniuliza jambo moja tu, kama ubani uliobaki unatosha Misa ya Jumapili. Nikasema unatosha. Akaingia ndani. Baadaye kidogo nikasikia mlio wa chuma, nikamfuata, nikamkuta anang'oa bawaba za mlango alizozipiga kwa mkono wake miaka kumi na miwili nyuma, taratibu, asipasue mbao.

"Kisima kimebaki, Demetria," akasema.

Padre alikuja kwa pikipiki kutoka mjini, mwekundu kwa vumbi na kwa hasira, na nilipomaliza kumsimulia hakujua ashike hasira au kicheko, akashika kofia yake. Kitubio alichonipa kilikuwa kwenda kufungua vitambaa vyangu kwa mkono wangu. Nilikwenda. Vyangu sikuviona. Watu walikuwa wamefunga vyao juu yake, vipya, vizuri zaidi, mti umependeza kama bibi arusi. Nilifungua vitatu vya watu nisiowajua nikarudi. Kesho yake vilikuwa vitano. Padre aliniambia niache, nisije nikauvisha msitu wote.

Mwezi wa tisa katapila likapanda mlima. Tulikuwa tumeshatoa mabati na milango, kwa hiyo lilikuta kuta tu, na lilizichukua kwa pigo moja, hata halikupunguza mwendo. Kisha likaanza kuukata mlima wenyewe. Sikujua kwamba mlima una ndani. Ulikuwa mwekundu kama nyama, na mikorosho ililazwa mizizi juu safu baada ya safu, na kokoto zikamwagwa mahali ambapo Jumbe alikuwa akilima mihogo. Shamba la Bi Mwanamtoro likabaki ng'ambo na nyumba yake huku, ikabidi ajifunze kuangalia kulia na kushoto kabla ya kwenda kupalilia, na aliangalia kwa dharau. Lami ilipotiwa, jogoo wetu walianza kuwika usiku na mchana kwa kuchanganywa na taa za magari. Barabara ile ya kale iliota majani kwa mvua moja.

Sie tulijenga upya juu zaidi, kwenye ukingo wa ule mlima uliokatwa. Albano alichonga ngazi kwenye udongo, vidato kumi na tisa, za kuteremka barabarani. Kisima kilikuwa ng'ambo, salama, mawe yake yote mahali pake, mkuyu juu yake. Maji yalikuwa juu kuliko mwaka wowote.

Wala hapakuwa na mtu aliyeyateka.

Nililitambua hilo polepole, kwa vile nilidhani wanaogopa magari. Walikuwa wakipita na mitungi yao kwenda bondeni, kwenye kijito ambacho sasa kifusi cha barabara kilikuwa kimekijaza nusu. Hata Sesilia, Mkristo wetu, mwenye mimba ya miezi minane, alipita. Nilimwita nikamuuliza kama amepata wazimu. Akaniambia, macho chini, kwamba hateki maji ya mzimu bila ruhusa. Nikamkumbusha amri ya kwanza. Akasema anaijua, Mama Mwalimu, lakini tumbo ni lake.

Nilikwenda kwa Bi Mwanamtoro nikamwomba awaruhusu watu. Akasema ruhusa si yake. Yeye ukoo wake uliacha. Aliyeuvisha ndiye wa kuuomba, na ateke wa kwanza, kila asubuhi, ndipo wengine wateke.

Nilikataa siku tatu. Mke wa mwalimu wa dini, na kitubio nimeshafanya. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kukataa, na Albano aliyasikiliza yote. Siku ya tatu jioni nilimwona Sesilia akipanda kutoka bondeni, mtungi kichwani na mkono mmoja kiunoni, anasimama kila hatua kumi. Alipofika karibu nikachungulia mtungini. Ulikuwa uji wa tope. Nilimtazama Albano. Akaniletea ndoo.

Asubuhi nilishuka vidato kumi na tisa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ng'ambo ya lami, kimya, wamevua viatu wale waliokuwa navyo. Nilisubiri lori la mkonge lipite, nikavuka, nikasimama chini ya vile vitambaa. Sikuwa na maneno yao. Nikashika kamba ya ndoo nikasali nilichokuwa nacho, Salamu Maria, chini ya pumzi, mbio mbio, nimalize kabla sijaonekana na mtu aliyemo garini.

Bi Mwanamtoro alikuwa nyuma yangu na mtungi wake.

"Unaharakisha," akasema. "Anza tena. Polepole."

Nikaanza tena.